TV marufuku Jumatatu hadi Ijumaa: nawalea au nawatesa?

Mama Pacha: Habari zenu wapendwa. Wanangu wana miaka minne. Nimeweka namba ya siri kwenye king'amuzi, TV ni Jumamosi na Jumapili, saa moja tu kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2019 kuhusu umri huu. Mama mkwe analalamika nawatesa wajukuu zake. Nishaurini.

Mdau wa Moro: Mwongozo huo unasema isizidi saa moja kwa siku. Sifuri ni kwa wasiotimiza miaka miwili. Wewe umewakata siku tano nzima.

Wa Temeke: Hujakosea, mama, ila umechelewa. Enzi zetu nchi hii haikuwa na TV kabisa. Tulicheza kombolela na rede mpaka giza linaingia, na tumekuwa watu. Siku hizi malezi wameachiwa katuni na dada wa kazi.

Binti Unguja: Nchi ipi hiyo? Sema bara! Unguja tunaangalia TV ya rangi tangu miaka ya 70, nyinyi mpaka 1994. Na sisi si watu?

Wa Temeke: Mwalimu aliona ni anasa, dada yangu, vijiji havina maji. Alikuwa sahihi.

Binti Unguja: Anasa kwenu. Bibi yangu akitukalisha mkekani, taarifa ya habari ikimalizika anainuka anazima mwenyewe. Hatukuhitaji namba ya siri.

Mama Pacha: Jamani, mada! Na wewe kaka wa Temeke, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwatafutia ada. Malezi sijamwachia mtu, naomba uniheshimu.

Niliyelea: Shikamooni. Nimefanya kazi za ndani miaka sita. Mama akishaondoka, mmoja uko naye mgongoni, mwingine anakimbia, maharage yako kwenye mkaa, nguo zimelowekwa. Siku niliyoambiwa nisiwashe TV, yule mkubwa alinifuata jikoni akashika mfuniko wa moto. Mpaka leo nakumbuka vidole vile vilivyovimba. Katuni zilikuwa zinamkalisha sebuleni nimalize ugali.

Wa Temeke: Pole sana, mdogo wangu. Sikukulenga wewe.

Mama Pacha: Namba ile dada wa hapa sijampa, na sijawahi kumuuliza mchana wanashindaje. Yuko jikoni anaosha vyombo. Ngoja niende.