Mafuta yakimwagika baharini, nani atoe amri ya kumwaga dawa?

Wanaoiogopa dawa ya kutawanya mafuta wana hoja nzito. Mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipokwama miambani karibu na Cornwall, Uingereza, zilimwagwa takriban tani 10,000 za sabuni kali, ndiyo dawa ya wakati huo, na viumbe wengi wa miambani waliuawa na sabuni hiyo kuliko mafuta yenyewe. Ndiyo maana wengi husema kikosi cha kupambana na mafuta kisiguse dawa mpaka kamati ya wataalamu ikae na kutoa kibali, kila ajali na kibali chake.

Hapo ndipo ninapokataa. Mafuta ghafi hayasubiri kikao. Sehemu nyepesi huvukia hewani, inayobaki hunywa maji ikawa uji mzito wa kahawia, na dawa ukiinyunyiza juu yake huteleza ikapotelea baharini. Muda wenyewe ni saa kadhaa, pengine siku mbili tatu. Alaska, Machi 1989, mafuta ya meli ya Exxon Valdez yalielea kwenye bahari shwari isiyo na mawimbi ya kuchanganya dawa. Akiba ya dawa ilikuwa haba, watu wakabishana, na siku ya tatu ikaja dhoruba.

Suala la kibali limalizwe bahari ikiwa safi bado. Ichorwe ramani: hapa ruhusa, hapa marufuku. Uingereza, maji yasiyofika kina cha mita 20, pamoja na maili moja ya baharini kuyazunguka, huhitaji kibali maalumu. Ni sawa kabisa, maana dawa haifuti mafuta. Huyashusha tu yakawakute mabuu wa samaki na matumbawe. Kwenye kilindi angalau huzimuliwa. Ruhusa iwe pia na kikomo cha kiasi: kisima cha mafuta kilipolipuka Ghuba ya Mexico mwaka 2010 zilitumika karibu lita milioni 7 za dawa, na ubishi haujaisha.

Tena kikosi kisiwe cha marubani na pampu peke yake. Awepo mtu mwenye chupa. Ateke maji ya bahari, adondoshee mafuta yaliyochotwa palepale, tone moja la dawa kwa matone 20 ya mafuta, atikise. Maji yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, ndege iruke. Mafuta yakirudi kuelea, ndege ibaki chini, hata mkubwa apige simu mara kumi. Na mtu huyo asilipwe na mwenye meli.

Mnaotaka kamati: ikiitwa usiku wa manane, nani kati ya wajumbe wake atakuwa ameishika chupa hiyo kabla hakujakucha?