Tupeane uzoefu: baba kinyozi anapomrithisha mwanawe kazi

Mkasi Mkongwe: Wakuu, mjadala wetu uliopita wa kunoa mikasi umenikumbusha hili. Kinyozi wa kijijini mara nyingi amefundishwa na baba yake. Dogo hukwamia wapi? Naanza na mashine ya mkono, ile isiyo ya umeme, ya kubana vishikio. Kosa la kwanza ni kuichomoa kichwani meno yakiwa bado yameuma nywele: zinang'oka badala ya kukatika, mteja anaruka kitini. Vidole viende haraka kuliko mkono, na uendelee kubana vishikio hata wakati wa kuitoa. Nati ya juu nayo: ikilegea, nywele zinajikunja katikati ya meno, ikikazwa mno, kiganja kinachoka kabla kichwa cha kwanza hakijaisha.

Povu Zito: Kweli tupu. Nati ndiyo darasa la kwanza.

Bin Kinyozi: Mashine ni mchezo, balaa ni wembe wa kukunja. Dogo hupewa puto lililopakwa povu, alinyoe bila kulipasua. Pembe kati ya wembe na ngozi ni nyuzi 30 hivi. Ukiulaza zaidi unakwaruza, ukiuinua unachimba. Siku ya shingo ya mtu ndipo jasho linapomtoka. Apapase kwanza kwa kidole ajue ndevu zinaelekea wapi, maana chini ya taya hugeuka ghafla. Avute ngozi kwa mkono wa pili. Akifika kwenye kongomeo asipite juu yake. Aisogeze ngozi pembeni, anyoe palipo bapa. Wembe usiteleze kwa ubavu hata unywele mmoja! Hapo haunyoi tena, unachanja.
Halafu makali. Kwenye mkanda wa ngozi mgongo wa wembe hutangulia, kwenye jiwe makali hutangulia. Dogo akichanganya, anauchana mkanda, na pengine ulikuwa wa babu yake.

Nyembe Mpya: Wa babu ndiyo sifa? Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Tumia wembe wa kishikio, ule unaobadilishwa makali, kila mteja na wembe wake.

Bin Kinyozi: Mteja akikatika kuna shabu, lile jiwe la kukata damu, mkuu.

Nyembe Mpya: Shabu ileile inayotembea shavu hadi shavu? Kandamiza kwa kitambaa safi dakika kadhaa, damu itakata.

Msoma Kale: Niwachomekee kisa. Mchoraji Turner, aliyezaliwa London mwaka 1775, baba yake alikuwa kinyozi na mtengeneza mawigi. Mzee hakumpa mwanawe mkasi. Alitundika michoro ya mtoto dukani, akaiuza. Mwaka 1795 Uingereza ikaweka kodi kwenye poda ya nywele, ile iliyopakwa hata kwenye mawigi, biashara ya mawigi ikayumba. Baadaye mzee akaacha kunyoa, akawa msaidizi wa mwanawe: kutandaza turubai, kupaka picha vanishi, hadi kifo chake mwaka 1829. Sasa nani alimrithi mwenzake?

Povu Zito: Duh! Baba kaajiriwa na mwana.

Mkasi Mkongwe: London si kijiji, tusihamishwe mada.

Msoma Kale: Povu brashi, vanishi brashi. Mzee hakubadili kazi sana.

Fundi Skrubu: Kuna mahali mwana humfundisha baba: mashine ya umeme. Meno ya juu yakae nyuma ya yale ya chini kwa pungufu kidogo ya milimita 1. Yakisogezwa karibu yananyoa chini zaidi. Yakivuka yanakata ngozi. Mashine ya umeme inayoendeshwa kwa sumaku ikigonga, geuza skrubu ya ubavuni taratibu mpaka kelele itulie. Mafuta ni matone 2 au 3 mepesi ya mashine. Ya kupikia huganda.

Nyembe Mpya: Ongeza usafi. Spiriti ya asilimia 70 juu ya meno yaliyojaa nywele ni kazi bure, brashi kwanza. Na mtoto mwenye mapunye asinyolewe kwa mashine ya wote.

Povu Zito: Baba akilazimisha, "nyoa tu, mtoto wa jirani"?

Fundi Skrubu: Mwambie nati imelegea.

Bin Kinyozi: Ataikaza.

Fundi Skrubu: Basi ifiche.