Mtoto ana madini ya risasi (lead) kwenye damu, dawa ipo ama ni maziwa tu?

chubwi_jinja: Habari zenu wakubwa. Niko Jinja, kazi yangu nayeyusha betri za gari zilizokufa natengeneza chubwi za nyavu, nafanyia nyuma ya nyumba. Kijana wangu wa miaka 3 alianza kulia tumbo, choo kigumu, akawa mkali hataki hata kucheza, tukampa dawa ya minyoo mara mbili wapi. Juzi daktari kaniuliza nafanya kazi gani, akaagiza damu ikapimwe risasi, imerudi 52. Majirani wanasema anywe maziwa mengi itatoka. Nisaidieni, silali.

nesi_mashariki: Pole sana baba. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto akifika maikrogramu 45 kwa desilita apewe dawa ya kuvuta risasi hata kama anaonekana mzima, sasa wako ana 52, usingoje. Ya kumeza inaitwa saksima (succimer), kawaida ni siku 19, tano za kwanza mara tatu kwa siku halafu 14 mara mbili, kipimo kwa kilo zake. Inanuka kama yai viza kwa hiyo ataikataa, mvumilie. Haiko kila mahali, omba rufaa leo. Akipata degedege au akatapika na kulegea, hapo imegusa ubongo, kimbia hospitali kubwa usiku huohuo, huko ni sindano. Maziwa yanampa kalsiamu, ni vizuri, ila risasi iliyoingia damuni hayaitoi.

musa_katwe: Dawa bila kuondoa vumbi la risasi ni bure ndugu yangu. Kule Zamfara, Nigeria, 2010 watoto zaidi ya 400 walikufa kwa vumbi lenye risasi la machimbo ya dhahabu, na kijiji cha Bagega kilingoja mpaka 2013 udongo usafishwe ndio watoto wakaanza dawa, maana ukimtibu ukamrudisha palepale anakula tena. Hamisha jiko la betri mbali na nyumba, usifagie pakavu, piga deki na maji.

nesi_mashariki: Kweli kabisa. Na dawa ikiisha lazima apimwe tena, risasi inajificha mifupani halafu inarudi damuni, wengine wanarudia dozi.

chubwi_jinja: Shati langu la kazi linaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, kila jioni nalitundika hapo. Nimelitoa sasa hivi. Mama yake ana mimba ya miezi mitano, naye apimwe?

nesi_mashariki: Ndiyo baba, kesho asubuhi, na watoto wote wa hapo nyumbani. Wewe pia.