Je, Katiba ya Marekani ingetusaidia pale mlangoni?

Nyakio_SouthB
Wadau, anayejua sheria anisaidie kumaliza ubishi. Ijumaa usiku mimi na dadangu mdogo tulizuiwa kuingia kilabu kimoja Westlands. Baunsa alituuliza, "Mmekuja na nani?" Tukamwambia tuko wawili tu. Akasema wanawake wasio na mwanamume hawaingii baada ya saa nne, ni amri ya mwenye kilabu. Nyuma yetu vijana watano wa kiume wakapita hata bila kukaguliwa.

Nilipomsimulia binamu yangu aliye Atlanta alicheka sana. Ati Marekani hilo haliwezekani, Katiba yao ilipiga ubaguzi marufuku tangu utumwa ukomeshwe. Nikayatafuta Marekebisho ya 14 nikayasoma. Yanasema hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Sasa kilabu ni jimbo? Ama binamu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?

KaraniWaZamani
Dada, umesoma vizuri kumshinda binamu. Mimi si wakili. Nimekuwa karani wa mawakili hapa mjini tangu enzi za kupanga foleni kwa sajili na mafaili kwapani, na kesi za Marekani nimezichapa mpaka nikazizoea.

Marekebisho hayo ni ya 1868 na yanaibana serikali. Mwenye hoteli hayamgusi. Bunge lao lilijaribu kuziba pengo hilo 1875, likaamuru nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na kumbi za burudani zipokee watu wa rangi zote. Mwaka wa 1883 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo, majaji wanane kwa mmoja, kwa hoja hiyohiyo yako: mtu binafsi si jimbo. Aliyepinga ni John Marshall Harlan wa Kentucky, ambaye mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa. Mwaka wa 1896, mahakama iliporuhusu Louisiana itenge mabehewa ya weusi na ya weupe, akapinga tena peke yake. Kesi ya Brown ya 1954 ilivunja utengano, lakini ilihusu shule za umma, na shule ya umma ni serikali.

Kwa hivyo kuanzia 1883 mwenye hoteli alikaa raha mustarehe hadi Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwulize binamu kama amewahi kusikia Heart of Atlanta Motel, ilikuwa hapohapo mjini kwake. Vyumba 216, na mwenyewe alikuwa wakili. Rais Johnson alipotia sahihi tarehe 2 Julai, jamaa alikimbia kortini siku ileile kuipinga. Serikali haikung'ang'ania usawa. Ilishika kifungu cha Katiba kinacholipatia Bunge mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo. Robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya Georgia, basi anayemfukuza msafiri mweusi anazuia biashara. Majaji wote tisa wakamwangusha.

Siku hiyohiyo ya Desemba ikaamuliwa kesi ya Ollie's, mkahawa wa nyama choma kule Birmingham. Weusi waliuziwa chakula cha kubeba, kukaa mezani wakakatazwa. Wateja wake walikuwa wenyeji, si wasafiri. Mahakama ikaifuata nyama: karibu nusu ya chakula alichonunua kilikuwa nyama iliyotoka nje ya Alabama. Basi, ikatosha. Mimi hucheka kila nikiisoma. Haki ya mtu kuketi mezani ilipitia kwa risiti za bucha!

Na sasa jambo litakalomkera binamu. Kwa upande wa hoteli, mikahawa na kumbi, sheria ile inataja rangi, dini na asili ya taifa. Jinsia haimo. Iliwekwa kwenye sehemu ya ajira. Mwanamke akifungiwa mlango wa kilabu, anategemea sheria za jimbo au mji wake.

Kwetu Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja jinsia, hali ya ndoa, hata mavazi. Na kinasema mtu pia, si serikali pekee, asimbague mwenzake. Hatuhitaji kuuliza nyama ilitoka kaunti gani.

Mwanagenzi_Parklands
Mzee wangu, heshima, lakini umemruka Thurgood Marshall! Wakili aliyeshinda Brown ndiye Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa wajumbe Waafrika katika mkutano wa Lancaster House, London, 1960. Aliandika rasimu ya haki za kimsingi za Kenya na akataka zilinde hata Wazungu na Wahindi. Mwaka wa 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama ya Juu ya kwao.

Ila tusijipigie makofi mapema. Katiba yetu ya zamani haikuitaja jinsia kwenye kifungu cha ubaguzi hadi 1997.

Tosha_Kayole
Hizi ni hadithi tamu za vitabuni. Nani ana pesa za wakili juu ya mlango wa kilabu?

KaraniWaZamani
@Tosha_Kayole, Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya haki za kimsingi, na korti yaweza kukubali hata maandishi yasiyo rasmi. Gharama za baadaye sikatai, zipo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ushahidi. Baunsa ataambiwa aseme kilabu kilikuwa kimejaa. @Nyakio_SouthB, kuna aliyerekodi?

Nyakio_SouthB
Dadangu alirekodi. "Amri ya mwenye kilabu" inasikika wazi. Binamu nimemtumia mambo ya Ollie's, amesoma na amenyamaza.

KaraniWaZamani
Inakili kwenye simu yako leo, kabla dada hajaifuta apate nafasi ya picha.