Mjadala: Je, ni haki kanisa kusoma hadharani majina ya washirika na kiasi cha sadaka walichotoa?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Naomba tulijadili jambo ambalo katika sharika nyingi limezoeleka kiasi kwamba anayelihoji huonekana mchoyo. Ni ile desturi ya kusoma mbele za watu majina ya washirika, ahadi walizoandika mwanzoni mwa mwaka, kiasi walichokwisha kulipa na kiasi kinachobaki. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayepinga ajue anapinga nini: naamini desturi hiyo ni kosa, na uwazi ambao Maandiko yanaudai katika habari za sadaka ni uwazi wa wale wanaopokea fedha, wala si wa wale wanaozitoa.

Nieleze nilichokiona. Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, katika usharika ninaosali, bibi mmoja mjane alileta mayai matatu aliyoyafunga katika pindo la khanga. Waliolelewa katika makanisa ya vijijini wanaujua mnada unaofuata baada ya ibada: mkungu wa ndizi, kuku, miwa, debe la mahindi, vyote hutolewa madhabahuni kisha hunadiwa nje chini ya mti. Yai la kwanza lilinunuliwa kwa shilingi elfu moja, mnunuzi akalirudisha liuzwe tena, wa pili naye akafanya vivyo hivyo, na mayai yale matatu yakazunguka mikononi mwa watu mpaka yakaingiza shilingi 38,000. Watu walishangilia, na bibi yule alisimama akitabasamu kama mwenye karamu. Nasema kwa dhati kwamba sijaona jambo jingine katika ibada zetu linalonikumbusha zaidi ile mikate mitano na samaki wawili.

Kabla hatujatawanyika, mzee wa kanisa alifungua daftari. Alisoma namba ya bahasha ambayo mshirika hutolea sadaka yake, jina, kisha hesabu. Alipomfikia bibi yule alisema: ahadi 20,000, amelipa 3,000, anadaiwa 17,000. Fedha za mayai zilikuwa zimeandikwa katika mapato ya mnada, kwa hiyo hazikuhesabiwa kwake hata senti moja. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka aliposimama. Alilifungua fundo la khanga, akatazama ndani kana kwamba kuna kitu kimebaki, akalifunga tena. Jumapili tatu zilizofuata hakuonekana kanisani.

Neno ambalo halijanitoka moyoni ni hilo la "anadaiwa". Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Mtu akikusudia jambo moyoni, kisha mwaka ukamwendea vibaya, mahindi yakakauka au mtoto akalazwa, ahadi yake hugeuka vipi kuwa deni la kusomewa mbele ya majirani? Hata Anania wa kitabu cha Matendo, aliyeuza shamba akaficha sehemu ya fedha, na ambaye kosa lake lilikuwa kusema uongo, aliambiwa na Petro kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa bado katika uwezo wake.

Upande wa pili wa jambo hili ni utukufu wa mwenye nacho. Kanisa likishazoea kutaja kiasi, anayetaja kiasi kikubwa hununua nafasi, na Yakobo alilionya hilo alipozungumzia mtu mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa mahali pazuri huku maskini akiambiwa asimame kule. Wenzetu wa Kenya wameliishi kwa miaka mingi kupitia harambee za wanasiasa makanisani. Ndiyo maana Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika makanisa ya Kianglikana, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi akaagiza zirudishwe shilingi milioni 2.6 za Kenya ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto jijini humo. Si jambo dogo kurudisha fedha ambazo sehemu kubwa yake ilikuwa ya kujengea nyumba ya mapadre.

Nawakaribisha mchangie, hasa mnaotunza hazina.

Jibu la mtunza hazina

Amina, mwanangu, kwa umri wangu naomba uniruhusu nikuite hivyo. Nimetunza hazina ya mtaa wetu, yaani tawi letu la usharika, kwa mwaka wa tisa sasa, na daftari unalolilaumu ninalo hapa mezani.

Kanisa halijengwi kwa mioyo mikunjufu peke yake. Kuna posho ya mwinjilisti, kuna umeme, kuna fungu linalokwenda usharikani na lile linalokwenda dayosisi. Tulipojaribu kuacha kusoma majina, bahasha zilipungua na mwinjilisti wetu akakaa miezi miwili bila posho, naye ana watoto wanne. Mnaozungumzia aibu ya anayesomwa hamwoni aibu ya mtumishi anayekopa unga dukani. Wazee wetu walitaka kanisa la Afrika lisimame kwa miguu yake. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, akiwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisema waziwazi kwamba wamisionari na fedha zao wasitishwe kwa muda ili makanisa yetu yajifunze kujitegemea. Kujitegemea huko kunalipwa na nani, kama si na sisi wenye bahasha?

Tena Maandiko hayakuficha majina. Barnaba alipouza shamba na kuweka fedha miguuni pa mitume, jina lake liliandikwa na tunalisoma mpaka leo. Daudi alitaja hadharani dhahabu yake mwenyewe aliyoitoa kwa ajili ya hekalu. Paulo naye aliwasifia Wakorintho ukarimu wa Wamakedonia ili kuwahimiza.

Na kuna sababu ambayo hujaigusa. Ninaposoma kwamba bahasha namba fulani imelipa 5,000, mwenye bahasha akijua kwamba alitoa 10,000 husimama palepale na kusema. Kusoma hadharani kunamlinda mshirika dhidi yangu mimi mtunza hazina. Ukiondoa kusoma, unaweka nini mahali pake?

Jibu la mtoa mada

Shikamoo, mzee wangu. Hoja yako ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, nami nakiri kwamba sikuifikiria ipasavyo. Mshirika lazima awe na njia ya kujua kwamba alichotoa kimefika. Lakini stakabadhi inafanya kazi hiyo, kadi ya mshirika inayotiwa sahihi kila anapotoa inafanya kazi hiyo, na kwa wanaolipa kwa simu ujumbe huingia papo hapo. Hayo yote yanamlinda mtoaji bila jirani yake kujua hesabu yake. Kusoma namba bila majina kungepunguza jeraha, ingawa kwa mtaa wa watu mia moja nadhani kila mtu anaijua namba ya mwenzake.

Kuhusu mwinjilisti, nakubaliana nawe kabisa kwamba ni dhambi kumwacha akikopa unga. Ningefurahi kama Jumapili ile mzee wa kanisa angesimama na kusema kwamba posho ya mwinjilisti imepungua kwa kiasi fulani na watoto wake hawana ada. Naamini watu wanaoweza kulinunua yai moja mara tisa wangelisikia hilo.

Barnaba alitajwa kwa sababu alitoa, lakini hakuna mahali tunaposomewa orodha ya wale ambao hawakuuza mashamba. Daudi alitaja cha kwake mwenyewe, kisha akauliza ni nani mwingine aliye tayari kujitoa kwa hiari. Wamakedonia walisifiwa kama kanisa zima, na sifa yao ilikuwa kwamba walitoa katika umaskini mwingi. Hatuambiwi hata mmoja wao alitoa kiasi gani. Uendelee kidogo katika sura hiyohiyo ya nane ya Wakorintho wa pili, utamwona Paulo akimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili wasafiri na changizo lile, asije mtu akawalaumu wanaolishughulikia. Hofu yake juu ya fedha aliielekeza kwa wabebaji.

Nilikwenda kumtazama bibi yule baada ya Jumapili ya tatu. Hakuwa mgonjwa. Aliniambia anatafuta kwanza zile elfu kumi na saba, akishazipata atarudi kusali. Hakulaumu mtu. Nilijaribu kumweleza kwamba Mungu hamdai, akanijibu kwa upole kwamba daftari limesomwa na watu wote wamesikia. Yesu naye, mzee wangu, aliketi kuielekea sanduku la hazina na akaona kila mtu alivyotia, na kama ni kusoma hadharani basi alisoma. Ila yeye alimwita mjane wa senti mbili kuwa ndiye aliyetia zaidi kuliko wote. Daftari letu lilimwita mjane wetu mdaiwa, siku ambayo mayai yake yalikuwa yameingiza zaidi ya mara mbili ya kile tulichosema anadaiwa.

Sasa nina swali kwako, na nauliza kwa heshima kwa kuwa wewe unalo daftari mezani. Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inaagiza zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Katika daftari lako kuna safu ya ahadi, safu ya malipo na safu ya baki. Je, ipo safu inayoonyesha mtaa umewapa nini wajane wake mwaka huu, na hiyo nayo huwa mnaisoma?