Podikasti na nyimbo za watu: nani anapaswa kuombwa ruhusa?

MTOA MADA
Wakuu, kila anayeanzisha podikasti anaambiwa kwamba sekunde 30 za wimbo hazina kosa. Sheria hiyo haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haihesabu sekunde. Inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinacholingana na lengo la nukuu, na kwa kutaja chanzo. Ya Kenya ya 2001 nayo inataja uhakiki, utafiti na kuripoti habari. Ukiweka ubeti mmoja wa taarabu kisha ukauchambua, una pa kusimamia. Lakini ukiupachika mwanzoni mwa kila kipindi ili kichangamke, unachuma jasho la mtu. Nasema tuombe ruhusa kwa maandishi, hata wenye wasikilizaji wachache.

BINTI_PWANI
Kaka, nusu nakubali, nusu nakataa. Narekodia chumbani, mdhamini sina. Nilipouliza nikaambiwa nikate leseni kama redio. Redio ikirusha wimbo, umepita. Kipindi changu ni nakala inayokaa, mtu anaipakua Muscat au Minneapolis saa anayotaka. Kibali cha kurusha hewani si lazima kiguse haki ya kunakili. Haya, nilipe wapi? Ofisi za hakimiliki zipo: Bara kuna COSOTA, Zanzibar kuna COSOZA, Kenya kuna KECOBO na chini yake vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wasanii kazi zao zinapotumika. Wekeni leseni moja ya bei nafuu kwa sisi wadogo, ndipo mtulaumu.

MPIGA_GITAA
Dada yangu, njia ya kulipa kuwa ngumu hakuufanyi wimbo wangu kuwa wa bure. Na ukija kwangu, usiishie kwangu. Kila wimbo uliorekodiwa una haki mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya rekodi yenyewe. Huku kwetu mara nyingi biti kaitengeneza prodyuza, mwimbaji kalipia studio, na karatasi hakuna. Mwimbaji atakwambia "tumia tu, mdogo wangu" kwa moyo safi. Kipindi kikianza kuingiza hela, prodyuza anaibuka, na madai yake ni ya haki. Chukua saini zote mbili.

BINTI_PWANI
Basi nitumie za zamani. Marehemu wengi hawadai.

MTOA MADA
Warithi wanadai, dada. Haki ya mtunzi inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Hata ikiisha, kikundi kilichorekodi upya wimbo huo mwaka juzi kina haki katika rekodi yake. Na ukikimbilia muziki wa Creative Commons, yaani ule ambao wenyewe wameuruhusu utumike kwa masharti, soma herufi za leseni: yenye NC haitaki biashara, kwa hiyo kipindi chenye matangazo ya kulipiwa kiko hatarini.

Hilo la leseni moja ya wadogo nakuunga mkono kabisa, na ofisi zetu zinapaswa kulisikia. Wakati tunaisubiri, andika ukurasa mmoja: jina la wimbo, unatumika vipindi gani, kwa miaka mingapi, matangazo yanaruhusiwa au la, malipo kiasi gani. Asaini mtunzi, asaini mwenye rekodi. Nakala itunze vizuri, maana mfumo wa Content ID wa YouTube unautambua wimbo, ila haujui mlichokubaliana.

MPIGA_GITAA
Ukiniletea karatasi ya namna hiyo, bei tutaelewana. Nisichotaka ni kujisikia kwenye kipindi cha mtu nisiyemjua.