Kutuma mafaili makubwa ya sauti kwenye seva ya mbali: scp, sftp au rsync?

MwanaTanga:
Ndugu zangu, salaam. Kikundi chetu kimemaliza kuingiza kwenye kompyuta kaseti za mahojiano na wazee wa pwani, na sasa tunatakiwa kuyapeleka mafaili hayo kwenye seva ya chuo kikuu kimoja cha Ujerumani kilichokubali kutuhifadhia nakala. Wametutaka tutumie mstari wa amri (kuandika amri kwa maandishi), si kivinjari. Nimesoma juu ya programu tatu za kutuma mafaili, scp, sftp na rsync, na kila mwandishi anasifu ya kwake. Tunaanza wiki ijayo. Naomba mnieleze ipi inatufaa.

FundiWaSeva:
Ndugu MwanaTanga, hongereni kwa kazi hiyo, ila hujatupa ya kutosha kukushauri. Mafaili yote yana ukubwa gani? Kompyuta yenu ni Windows au Linux? Kasi ya kupakia ni ngapi, maana ya kupakua haikuhusu hapa? Tena, je, seva hiyo inakuruhusu kuendesha programu, au imefungua SFTP peke yake, yaani itifaki ya kuhamisha mafaili tu? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa rsync lazima iwepo pande zote mbili, na kama kule haipo hatuna haja ya kuijadili.

BintiMvita:
Wakati tunasubiri majibu, niitetee scp, ambayo watu wanaizika mapema. Tangu OpenSSH 9.0 (kifurushi cha programu chenye scp na sftp) ya Aprili 2022, scp hutumia itifaki ya SFTP kwa ndani, kwa hiyo kasoro nyingi za itifaki yake ya zamani hazimgusi mtumiaji wa leo. Amri yake ni fupi, na Windows 10 na 11 huja nayo.

KaraniWaNyaraka:
Dada BintiMvita, usemayo ni kweli, lakini scp haiwezi kuendelea pale ilipokatikia, na madhara yake nimeyaona. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, mkandarasi alipewa jukumu la kuhamisha picha za hati kwenda kwenye seva ya mbali. Mtandao ulikatika mara nyingi usiku, na kila ulipokatika aliianzisha upya kazi kwa skripti iliyoruka kila faili ambalo jina lake lilikuwa limekwisha kuonekana upande wa pili. Sasa, scp huandika moja kwa moja kwenye jina la mwisho la faili. Faili lililofika nusu huonekana kwenye orodha sawa na lililofika zima. Mwishoni alihesabu majina pande zote mbili, yakalingana, akafuta nakala za awali ili kupata nafasi kwenye diski. Kasoro iligunduliwa baadaye sana, pale msomaji alipofungua picha za hati na kukuta sehemu ya chini haina kitu. Baadhi ya hati hizo zilikuwa zimekwisha kuharibika kwa unyevu, kwa hiyo hapakuwa na cha kupiga picha tena. Ndugu MwanaTanga, wazee waliohojiwa huenda wengine hawapo tena. Usifute chochote kabla ya kulinganisha alama za SHA-256 (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) za pande zote mbili: kwenye Linux kuna sha256sum, na kwenye PowerShell ya Windows kuna Get-FileHash.

MwanaTanga:
Nashukuru. Ni mafaili ya WAV ya biti 24 na kilohezi 96, stereo, jumla yake karibu GB 120. Kompyuta ni ya Windows 11. Intaneti ni ya ruta ya laini ya simu, na kasi ya kupakia ni kama megabiti 4 kwa sekunde mtandao ukiwa mzuri. Kuhusu seva, nimewaandikia lakini hawajajibu.

FundiWaSeva:
Megabiti 4 kwa sekunde ni GB 1.8 kwa saa, kwa hiyo GB 120 zitachukua karibu siku tatu mfululizo bila kukatika, jambo ambalo kwa laini ya simu halitatokea. Mimi nasimama na rsync. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, na msingi wake ni kulinganisha vipande vya faili pande zote mbili na kutuma tofauti peke yake. Zaidi ya hayo, huandika kwenye faili la muda lililofichwa na hulipa jina lake halisi baada ya kukamilika, kwa hiyo mkasa wa KaraniWaNyaraka usingetokea. Kwenye Windows utaipata kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

KaraniWaNyaraka:
Usingetokea, isipokuwa kwa anayetumia chaguo la -P ambalo kila mwongozo unalisifu. Ndani yake mna --partial, na hiyo huacha kipande kilichokatika kikiwa na jina la mwisho. Bora --partial-dir=.rsync-partial, ili vipande vikae kwenye folda yao hadi vikamilike.

FundiWaSeva:
Nakubali. Ongeza na --bwlimit=300 (kikomo cha kasi, kama kilobaiti 300 kwa sekunde) mchana, ili ofisi nzima isikose intaneti.

Msafiri_wa_Data:
Kama seva itakuwa na SFTP tu, lftp, programu nyingine ya kuhamisha mafaili, ndiyo jibu: mirror -R -c hupakia folda nzima na kuendelea ilipoishia.

BintiMvita:
FTP, itifaki ya zamani ya kutuma mafaili, hutuma neno la siri bila kulificha, ndugu. Chrome na Firefox ziliiondoa mwaka 2021. Kwa nini tumrudishe huko?

Msafiri_wa_Data:
Jina lisikupotoshe, dada. lftp huzungumza SFTP pia, kupitia SSH (muunganisho uliosimbwa) ileile ya poti 22. Nashauri jambo jingine: badilisha WAV kuwa FLAC kwanza. Ukubwa utapungua sana bila sauti kupotea, na kila faili la FLAC hubeba ndani yake alama ya MD5 ya sauti ya awali, hivyo amri ya flac -t itakuambia kama limefika salama. Tangu Desemba 2024 mfumo huo una RFC yake (waraka rasmi wa viwango vya intaneti), namba 9639.

KaraniWaNyaraka:
Mimi singefanya hivyo kabla ya kuwauliza wahifadhi. WAV za nyaraka mara nyingi hubeba maelezo ya ziada ndani yake, kama tarehe na chanzo cha kanda, na flac huyaacha usipoweka --keep-foreign-metadata. Hifadhi nyingi hutaka WAV yenyewe.

Msafiri_wa_Data:
Chaguo hilo lipo, basi alitumie. Kulipia bando la GB 120 pasipo lazima ni mzigo kwa kikundi kidogo.

MwanaTanga:
Wamejibu sasa hivi: ni SFTP peke yake, hakuna rsync. Juu ya FLAC wamesema watamuuliza mtunzaji wao. Je, lftp inaendeka ndani ya WSL, au nitafute kompyuta ya Linux?

FundiWaSeva:
Inaendeka, sudo apt install lftp inatosha. Hata hivyo, sftp ya kawaida ina amri ya reput inayoendeleza faili lililokatika. Ijaribu kwanza kwa faili moja.

Msafiri_wa_Data:
Kwa faili moja, sawa. Kwa GB 120 atakesha akiandika reput.